San José Pasi na Kiingilio
Msafiri aingiapo San José, mji mkuu wa Costa Rica, aghalabu hunasihiwa apite upesi kuelekea fukweni na kwenye milima ya volkano, kana kwamba mji wenyewe hauna tunu. Nami rai hiyo naikataa. Soko kuu la mji huo, Mercado Central, lililoasisiwa mwaka 1880, halina kiingilio, na katika vichochoro vyake vyembamba, ambamo harufu ya kahawa huchanganyika na ya mitishamba na ya ngozi, mtu aweza kushinda kutwa akitazama bila kutoa hata koloni moja, sarafu ya nchi hiyo, ingawa, kwa insafu, ni muhali kutoka humo mikono mitupu. Kwa miguu si mbali hadi ngome ya Bellavista, ambayo kuta zake zingali na matundu ya risasi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1948, mwaka ule ule taifa hilo lilipolivunja jeshi lake. Ngome sasa ni makumbusho, na makumbusho hutoza ada. Lakini matundu yaonekana kutoka barabarani, bure. Kisha kuna bustani ya La Sabana, palipokuwa zamani uwanja wa ndege, ambapo leo watoto hucheza mpira na kurusha tiara.