Waifai Ni Yako, Ufunguo Je?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo nina dukuduku na lazima nilitoe.

Juzi niliitwa na shule moja ya upili, waifai imekufa. Nikapanda ngazi, nikakagua nyaya. Umeme upo, vifaa darini ni vizima. Kumbe leseni ya kila mwaka ya kuvisimamia kupitia seva za kampuni ilikuwa imeisha, na vifaa vikaacha kurusha mawimbi. Mhasibu akaniuliza, "Kwani hatukuvinunua?" Nilikosa jibu.

Tukinunua vifaa vya waifai huwa tunauliza habari za redio tu. Si vibaya. Bendi ya 2.4 GHz hufika mbali na kupenya kuta, lakini ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwenye fleti zilizobanana, majirani wote huzigombania. Bendi ya 5 GHz ina nafasi na kasi zaidi, ila ukuta wa mawe huichosha haraka.

Lakini nani atasimamia redio hizo? Njia ni tatu. Kwanza, unaingia kwenye kila kifaa na kukipangia peke yake. Kwa vifaa viwili vitatu, yatosha. Pili, unaweka programu ya usimamizi kwenye kompyuta yako. Ukibadilisha nywila mara moja, vifaa vyote vinafuata. Tatu, wingu la kampuni. Ni rahisi, na unasimamia ukiwa popote, lakini vifaa vingine huko huishi kwa leseni.

Sipingi wingu. Mwenye matawi kumi na bajeti ya kila mwaka, alitumie. Shule inayosubiri karo haifai kufungwa hivyo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: leseni ikiisha, kifaa kitaendelea kufanya kazi? Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Pia uliza kama kinakubali OpenWrt. Programu hii huria ilianza 2004, baada ya Linksys kutoa msimbo wa rauta yake ya WRT54G mwaka 2003. Stoo ya shule ile ilikuwa na rauta mbili kuukuu zinazoikubali. Nikaziwekea, na sasa maabara ya kompyuta ina intaneti. Vile vya bei ghali bado vinaning'inia darini, pambo tupu.

Wewe waonaje? Niandikie maoni yako hapa chini.