Mkanda Mweusi Usiuzwe

Mzazi wa Mwandiga anayeuza mawese ili mwanawe apate ada ya mazoezi ya karate ana haki ya kuelezwa jambo moja kwa lugha iliyo wazi: mkanda anaofungwa mtoto wake una maana gani, na ni nani aliyempima. Haki hiyo ndiyo tunayoizungumzia leo. Karate ikifundishwa vyema hujenga afya na adabu ya vijana; lakini yaweza kuharibiwa upesi na biashara ya mikanda, na mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam, kama huu wetu wa Kigoma, ndiyo iliyo katika hatari zaidi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba karate ilikuwako kabla ya mikanda. Ilikulia katika kisiwa cha Okinawa, na mwaka 1922 Mwalimu Gichin Funakoshi aliipeleka Tokyo kuionyesha. Utaratibu wa madaraja haukutoka Okinawa. Uliasisiwa katika judo na Jigoro Kano, aliyeanza kuwapa wanafunzi wake daraja la dan katika miaka ya 1880. Funakoshi akauazima, na mwaka 1924 akawapa wanafunzi wake wa kwanza daraja hilo. Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wa Goju-Ryu, alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja mkanda mweusi. Wala hakuna asemaye kwamba wanafunzi wale hawakuwa hodari.

Hatusemi hayo ili kudharau mikanda. Madaraja yana faida yake, kama yalivyo madarasa ya shule. Madaraja ya chini, yaitwayo kyu, huhesabiwa kwa kushuka, aghalabu kutoka la 10 au la 9 hadi la 1. Kisha huja dan ya kwanza, yaani mkanda mweusi, na kuanzia hapo hesabu hupanda. Wajapani huiita dan hiyo ya kwanza shodan, yaani daraja la mwanzo. Kumbe mkanda ambao wengi huudhania kuwa kilele cha safari, wenyewe wauita mwanzo! Aliyeufikia amethibitisha kwamba amejua misingi, na sasa yu tayari kufundishwa.

Hapa nchini Goju-Ryu ilipata mizizi katika miaka ya 1970, wakati Nantambu Camara Bomani, aliyetoka Marekani, alipoifundisha Zanaki, Dar es Salaam. Miaka hiyohiyo filamu za Bruce Lee ziliwasha tamaa ya mapigano mioyoni mwa vijana duniani kote. Filamu huvuta watu mlangoni, lakini haziwezi kuwaweka ndani. Kijana aliyekuja kwa ajili ya kuruka na kupiga mateke hukata tamaa aonapo kwamba majuma ya mwanzo ni ya kujifunza kusimama, kupumua, kukunja ngumi sawasawa na kuinama kwa heshima mbele ya mwenziwe. Yule anayevumilia ndiye anayefaidi.

Mtahini wa kweli humpima mtu katika mambo hayo. Hutazama misingi, yaani mapigo, vizuio na namna ya kusimama. Hutazama kata, ambayo ni mfululizo wa miondoko uliopangwa na wazee wa sanaa hiyo, kama vile Gekisai kwa wanaoanza na Sanchin kwa kupima pumzi na uimara wa mwili. Hutazama kumite, yaani mapambano ya wawili. Zaidi ya yote hutazama tabia: Je, kijana huyu hukasirika akipigwa? Je, humwonea aliye mdogo wake? Mtahini asiyejiuliza maswali hayo huwa ametahini viungo tu, na mwenye viungo hivyo akamwacha bila kumjua.

Kinyume cha hayo ndicho kinachotutia wasiwasi. Zipo njia tatu za kupata mkanda bila kustahili. Ya kwanza ni mwalimu kuwatahini wanafunzi wake peke yake, akawapandisha wote kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa kila mkanda una ada yake na ada ndiyo riziki yake. Ya pili ni kununua cheti kwa mtu wa mbali ambaye hajapata kumwona mtahiniwa akisimama mbele yake. Ya tatu ni mtu kwenda dukani, akanunua mkanda, akajifunga na kujiita sensei. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu anayetangaza dan zake kwa kila apitaye yafaa aulizwe alipozipata.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo madogo, kwa kuwa kitambaa hakiui mtu. Twamwomba afikiri tena. Mkanda ndio unaoamua kijana atapambanishwa na nani. Mwenye mkanda wa bure akiwekwa mbele ya aliyetoka jasho miaka mitano, atakayeumia twamjua. Mkanda huohuo ndio unaomruhusu mtu kuwafundisha watoto wa wenziwe. Asiyejua kuanguka hawezi kumfundisha mtoto kuanguka. Asiyejua kuzuia ngumi yake isifike hawezi kumfundisha mwingine kuizuia. Na binti aliyeaminishwa kwamba anajua kujilinda, ilhali hajui, amewekwa katika hatari kubwa kuliko yule asiyejua na kujua kwamba hajui.

Sasa na tuutazame umbali. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kijana wa Mwandiga, pale inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu, akiambiwa kwamba watahini wenye sifa wako Dar es Salaam, huwa ameambiwa achague mojawapo kati ya mambo mawili: ama familia itumie fedha za msimu mzima kwa nauli, malazi na ada, ama akae na mkanda wa chini hata kama uwezo wake umepita rika lake. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo anapojitokeza mwuza mikanda, akiwa na cheti chenye muhuri na bei nafuu. Ulaghai huota pale haki inapokaa mbali. Kwa hiyo haitoshi kuwalaani walaghai. Hapana budi haki isogezwe karibu.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni mashindano: mitihani iachwe, vijana wapambane, na anayeshinda ndiye bora. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwani ulingoni mkanda wa kununua haumsaidii mtu. Lakini mashindano hupima sehemu tu ya karate. Katika kanuni za kimataifa ngumi hupata pointi 1, teke la mwilini pointi 2, na teke la kichwani, au pigo juu ya mpinzani aliyeangushwa, pointi 3. Uvumilivu na uwezo wa kufundisha havina pointi. Yuko mwepesi wa miguu atakayeshinda kila siku ilhali kata zake ni mbovu, na yuko mwalimu mwema ambaye hatashinda kamwe.

Hata hivyo mashindano yana fundisho lake, na kubwa ni lile la Tokyo, mahali karate ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, mwaka 2021. Katika fainali ya wanaume wa uzito wa juu, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwani lililomwangusha chini akiwa amezirai. Waamuzi walikata shauri kwamba nguvu iliyotumika ilipita kiasi. Hamedi akaondolewa, na medali ya dhahabu akapewa aliyekuwa amelala chini. Wengi duniani walibisha. Lakini sheria ilikuwa imesema wazi kwamba uwezo usio na kizuizi si ushindi. Siku hiyohiyo Feryal Abdelaziz, binti wa Misri, alitwaa dhahabu upande wa wanawake. Wazazi wanaodhani kwamba mchezo huu si wa mabinti wa Afrika wamekwisha kujibiwa.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila kikundi kinachofundisha karate kiandikishwe kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na afisa michezo wa wilaya aijue orodha ya walimu, daraja la kila mmoja na jina la aliyemtahini. Pili, vyama vya karate vipeleke watahini mikoani angalau mara moja kwa mwaka. Nauli ya mtahini mmoja kuja Kigoma ni ndogo kuliko nauli za vijana 30 kwenda Dar es Salaam, na vikundi vya Mwandiga, Ujiji na Kasulu vyaweza kuchangia gharama hiyo kwa pamoja. Tatu, ada ya mtihani itangazwe mapema na ilipwe kabla, iwe ni ya kutahiniwa wala si ya kufaulu. Anayeshindwa aambiwe kasoro zake kwa maandishi. Mtihani ambao hakuna ashindwaye si mtihani. Nne, hakuna mtoto atakayeingia ulingoni bila ridhaa ya mzazi na bila mtu wa huduma ya kwanza kuwapo.

Kwa wazazi twasema: msione haya kuuliza. Mwalimu mwema hachukizwi na maswali. Atawaonyesha cheti chake na atawakaribisha mkae mtazame mazoezi. Kwa walimu wa kweli, ambao aghalabu hufundisha jioni baada ya kazi zao na pasipo malipo ya maana, twasema: jina lenu ndilo linaloibwa na wauza mikanda, basi muwe wa mbele kulilinda. Na kwa vijana twasema: msiwe na haraka. Mkanda uliocheleweshwa na mtahini mkali utawafaa maishani kuliko mikanda mitatu ya mtu asiyewajali.

Sharti letu kwa wote ni moja. Mkanda unaofungwa Mwandiga uwe na uzito uleule wa ule unaofungwa Dar es Salaam, na uzito huo utokane na jasho la aliyeuvaa.