Daftari la Kijiji Liheshimiwe

Wako wadhanio kwamba, maadamu kompyuta zimeenea, kuandika kwa mkono ni jambo lililopitwa na wakati. Fikra hiyo haina budi kupingwa. Katika vijiji vya Karatu, kwenye njia iendayo Ngorongoro, uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji juu ya shamba hutiwa katika kaunta buku, kwa hati ya mkono wa Mtendaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, nayo imeitaka halmashauri ya kijiji kuweka daftari la ardhi yake. Basi mwandiko usiosomeka, au ukurasa ulionyofolewa, waweza kumpokonya mjane haki yake.

Sisi wa visiwani, ambao wazee wetu walichonga kalamu za mwanzi chuoni, twaijua raha ya karatasi nzuri na herufi iliyotulia. Wala raha hiyo si anasa. Halmashauri za wilaya zinunue madaftari yaliyoshonwa, yenye jalada gumu na kurasa zilizopigwa namba, si yale ya gundi yaachanayo masika yaingiapo. Watendaji nao wafunzwe hati kabla ya kukabidhiwa muhuri.