Anayefungua mlango saa nane usiku

BARABARA YA KAMULI
Safu ya kila wiki ya Zaituni Naigaga

Msichana aliyebakwa hamwendei kwanza mkuu wa chuo, wala polisi. Anagonga mlango wa mwenzake saa nane usiku. Basi atakachofanya huyo mwenzake kabla ya jua kuchomoza kina uzito kuliko mabango yote yaliyobandikwa getini mwa chuo.

Nawaandikia hao wenzake leo. Watoto wetu wa Buwenge wakimaliza shule wanakwenda Jinja, wengine Mbale, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu au kitivo cha afya cha Busitema. Wengi hawalali ndani ya uzio wa chuo. Wanapanga vile vyumba tunavyoviita mizigo, kwa mwenye nyumba asiyejua hata wanasoma nini. Pale hakuna mlinzi, hakuna mlezi wa wanafunzi. Kuna jirani tu.

Jirani, shika hili kwanza: una saa 72. Ndani ya muda huo anaweza kuanza dawa za kuzuia VVU, PEP, atakazomeza kwa siku 28, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia hadi siku ya tano, lakini nayo heri iwahi. Akiweza, asioge na asifue. Nguo alizovaa zifunge ndani ya karatasi, hata gazeti hili linafaa. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Akiwa ameshaoga, nendeni hivyo hivyo. Usimwulize alifuata nini kule. Mwulize anaumia wapi, na ni nani angependa aitwe.

Nendeni hospitali kwanza. Jinja na Mbale zote zina hospitali kuu ya rufaa, na hapa Buwenge tuna kituo cha afya cha ngazi ya nne, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja gari la asubuhi la kwenda Jinja, kilomita 25 hivi, mtu akiwa anaumia. Tiba haingoji karatasi ya polisi. Akitaka kushtaki, fomu inayohitajika ni ile PF3A, nayo haiuzwi. Zamani watu walihangaika kumtafuta daktari wa polisi. Siku hizi hata mkunga au ofisa tabibu anaruhusiwa kuijaza. Na mvulana aliyefanyiwa unyama huu ana haki ya tiba ile ile, ingawa sheria yetu ya ubakaji bado inamtaja mwanamke na msichana tu.

Halafu watakuja wazee. Watakaa chini ya mwembe na mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, itatajwa pesa, itatajwa mbuzi, na mama wa msichana ataombwa afikirie jina la ukoo. Hili linanichoma. Kosa la ubakaji nchini Uganda husikilizwa na Mahakama Kuu na adhabu yake inaweza kufika kifo. Hakuna baraza la kijiji lenye mamlaka ya kulimaliza. Jirani aliyefungua mlango usiku ule huenda akawa mtu pekee pale kikaoni anayekumbuka kwamba msichana mwenyewe hajaulizwa anataka nini.

Wakuu wa vyuo watanijibu kwamba sera ipo. Najua. Makerere ilikuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006, na bado mwaka 2018 ilibidi iundwe kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza yaliyokuwa yakiendelea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunzwa kwa uchungu mkubwa zaidi: Februari 1990 mwanafunzi wa kike alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kundi la wanafunzi lililojiita Punch. Alikuwa na majirani bwenini, kulia na kushoto. Kila ninapoifikiria habari ile, nawafikiria wao, na kama kuna aliyewahi kufundishwa la kufanya.

Kwa hiyo ninaomba vitu vidogo vinavyogharimu pesa kidogo. Kila hosteli na kila safu ya mizigo inayopangisha wanafunzi iwe na watu wawili waliofundishwa haya, na chuo kiwajue kwa majina. Kuwe na fungu la nauli ya usiku linalotumwa kwa simu papo hapo, bila barua wala sahihi ya mhasibu, kwa sababu kwa mwanafunzi asiye na shilingi mfukoni saa 72 huishia kwenye kutafuta nauli. Na awepo mtu wa kumsindikiza siku ya kurudi kliniki, kwa maana siku 28 za dawa zenye kichefuchefu ni nyingi mno kwa mtu aliye peke yake na siri yake.

Serikali ina namba ya bure, 116, na imeipa jina la Kiswahili: Sauti. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto, lakini hupokea pia taarifa za ukatili wa kijinsia. Wenye nyumba, iandikeni kwa rangi nyuma ya mlango wa kila chumba, kuanzia Buwenge hadi Mbale. Chini yake andikeni namba ya mtu wa boda mnayemfahamu, aliyekubali kuitwa saa nane usiku.