Dhahabu Nayo Hushuka

Kwamba dhahabu haishuki bei ni imani iliyoenea mno. Masonara huirudia, wazazi huwausia mabinti zao, na uchumi ukitikisika watu hukimbilia dukani na akiba yao ya mwisho. Imani hiyo ni ya uongo, na inawaumiza zaidi wasio na akiba nyingine.

Januari 1980 wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa karibu dola 250. Aliyenunua kileleni aliiona tena bei yake mwaka 2008, na kufikia hapo dola yenyewe ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake.

Mwaka huohuo ukaja mtikisiko wa uchumi. Machi wakia ilivuka dola 1,000. Oktoba, mabenki ya Marekani na Ulaya yakiyumba, ilikaribia 700. Wenye madeni waliuza kinachouzika upesi, na dhahabu huuzika upesi. Ni kweli mwaka 2011 ilifika dola 1,900, lakini anayedaiwa ada ya shule mwezi huu hawezi kungoja miaka mitatu.

Madini ya fedha ni hatari zaidi, na pwani ya Afrika Mashariki ilishayaonja. Rupia ya fedha ya India, iliyotumika Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilikaribia shilingi 2 za Uingereza. Ujerumani ikaiacha fedha kama msingi wa sarafu yake ikashika dhahabu, wengine wakafuata. Kufikia 1894 rupia ileile, kwa uzito uleule, haikufika shilingi 1 na peni 3.

Hata chombo chenyewe cha kuwekea akiba ya dhahabu huchaguliwa vibaya. Robo ya bangili ya karati 18 si dhahabu, na ujira wa fundi haurudi siku ya kuuza, kwa kuwa sonara hulipa anachokiona kwenye mizani. Sarafu za kumbukumbu zenye kasha na cheti nazo humtoza mnunuzi pesa za urembo. Afadhali sarafu ya Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa 1967: ina wakia kamili ya dhahabu safi, na wanunuzi wa Dubai na London wanaifahamu. Nayo inunuliwe kwa pesa isiyohitajika kwa miaka mingi, chakula na matibabu vikishatengewa fungu lake.

Sonara anayemshauri mjane aimalize mirathi yake kwenye vidani anamdhulumu, na anastahili kuambiwa hivyo mbele ya wateja wake.