Droni ya sebuleni haichaguliwi kwa kamera

Na Rehema Mwinjuma

Ulizia droni ndogo kwenye duka lolote la vitu vya watoto pale Kariakoo, muuzaji ataanza na kamera. Atakugeuzia boksi uone picha ya ufukwe iliyopigwa kutoka angani, kisha akutajie mita ngapi inafika. Wewe unataka ya kurushia ndani, jioni, watoto wakishamaliza kula. Mita mia za nini, wakati kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la vyombo ni hatua sita?

Kitu cha kurusha ndani ya nyumba lazima kigonge. Kitagonga ukuta, kitanasa kwenye pazia, kitajibamiza kwenye luninga. Mimi nachagua kwa swali moja tu: kikishagonga, kinavunjika nini, na nitakirudishaje hewani usiku huo huo?

Kwa swali hilo, helikopta ndogo ya mapanga mawili yaliyopandana bado ina heshima yake. Syma S107 ndiyo iliyowafundisha wengi. Panga la juu huzunguka upande mmoja na la chini upande mwingine, kwa hiyo mwili hauzungushwi na nguvu ya mota, na ndani kuna jairo, yaani kihisi cha mzunguko, inayotuliza mkia. Mtu mzima ambaye hajawahi kushika rimoti anaweza kuiinua na kuituliza hewani kabla chai haijapoa. Ila ina mawili. Haiendi ubavu: ni mbele, nyuma, juu, chini na kugeuka, basi. Pia rimoti yake hutumia mwanga wa infraredi, kama ile ya luninga, na jua la alasiri likipenya dirishani mawasiliano hukatika ikaanguka. Irushe usiku, mapazia yakiwa yamefungwa. Helikopta ya panga moja kubwa juu na feni ndogo mkiani mwachie aliyekwisha zoea. Kwa anayeanza, ni kuchoma pesa.

Droni za mapanga manne ndizo zilizojaa sokoni, na humo ndimo watu wanamopotea. Kuna zile ndogo kupita kiasi, mfano wa Cheerson CX-10, inayoenea kiganjani. Inapendeza kuitazama, lakini ikifika upande wa pili wa chumba hujui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Betri yake imelehemiwa ndani. Unarusha dakika chache, kisha unaikalia nusu saa kwenye chaji, na mtoto ameshahamia kwenye simu.

Ningenunua yenye mapanga yaliyozungushiwa pete za plastiki. Blade Inductrix ilipotoka ilionyesha faida ya mtindo huo: inagonga ukuta, inadunda, inaendelea. Haikati kidole cha mtoto, haichani pazia. Wapenzi wa mashindano waliifunga kamera ndogo mno wakaanza kukimbizana nayo chini ya meza na viti, na huko ndiko ulikotoka mchezo unaoitwa Tiny Whoop. Nakala zake za bei nafuu, kama Eachine E010 na JJRC H36, zinatosha kabisa kwa sebule, na betri unachomoa na kuchomeka nyingine.

Nyumba nayo ina tabia zake. Ukiipandisha droni karibu sana na dari, mgandamizo wa hewa juu yake hupungua, ikavutwa na kuganda huko. Punguza moto taratibu, usipaparike. Panga boi lizime kabla ya kurusha, hata kama watu watalalamikia joto. Na ile sifa ya “inajituliza yenyewe kwenye kimo” iangalie vizuri. Droni nyingi za bei ya chini hupima kimo kwa mgandamizo wa hewa, na mtu akifungua mlango kwa nguvu kipimo hudanganyika, droni ikaruka juu au kuzama. Ryze Tello, ya mwaka 2018, imekwenda mbali zaidi: ina jicho tumboni linalosoma sakafu ili isihame mahali pake. Ni nzuri, lakini juu ya tailisi nyeupe zinazong’aa, au taa ikiwa hafifu, jicho hilo halipati alama ya kushika na droni huanza kuteleza. Itandikie mkeka wenye michoro. Tena hiyo ina kamera, na droni kwetu zina sheria. Kabla ya kuiagiza kutoka nje, waulize mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa walioko Kenya, mzigo usije ukakwama forodhani.

Mapanga ya akiba nunua siku hiyo hiyo. Yapo ya aina mbili, mara nyingi yameandikwa A na B kwa herufi ndogo sana karibu na kitovu, kwa sababu mota mbili huzunguka kulia na mbili kushoto. Yanayofanana hukaa kwenye pembe zinazokabiliana. Ukikosea moja tu, droni haipai, inapinduka palepale. Na kama mota moja imelegea ghafla, usikimbilie kusema imeungua. Chomoa panga, tazama kijiti chake: mara nyingi utakuta unywele au uzi wa zulia umejiviringisha pale chini. Utoe kwa kibano.

Pesa ya kamera ipeleke kwenye betri, angalau tatu za ziada. Ni za lithiamu, volti 3.7, ndogo kama kidole gumba. Betri ikitoka hewani ina joto, iache ipoe ndipo uichaji, na usiiache kwenye chaji ukaenda kulala. Ikivimba usiijaribu tena hata mara moja, wala usiitupe kwenye droo yenye funguo na misumari; itoe nje ya nyumba, mbali na chochote kinachoshika moto.