Dirisha la Miaka 20 Lisilipwe kwa Mkopo wa Siku 30

Wacha tuanze na picha ambayo ukitembea Nuu, au soko lolote dogo la Ukambani, huenda umeiona. Nyumba nzuri ya matofali, mabati bado yanang'aa, uwanja umefagiliwa. Lakini mbele ya sebule, pale dirisha kubwa lilipokuwa, pana shimo lililofunikwa kwa turubai. Dirisha la zamani lilishabomolewa. Jipya liko kwa fundi wa kuchomelea, limelipiwa nusu. Na mvua ya Novemba imefika kabla ya pesa.

Watu wakipita wanasema mwenye nyumba ameishiwa. Au wanasema fundi ni mwizi. Sisi tunaona jambo lingine: mara nyingi shimo hilo lilitokana na hesabu iliyofanywa nusu, halafu nusu iliyobaki ikatafutwa kwa mkopo wa simu.

Tuko katika biashara ya pesa kwa simu, na mikopo ya simu ni sehemu ya biashara hii. Kwa hivyo huenda ukashangaa tukisema hivi, lakini tunasema wazi: dirisha la nyumba si kazi ya mkopo wa siku 30. Mkopo huo una kazi yake, kama mtoto akiugua usiku au duka likihitaji kuongeza mali itakayouzwa wiki hii. Dirisha halizai pesa. Litakaa hapo miaka 20, na lilipiwe kwa pesa iliyopangwa.

Kwa nini "bei windo" huhadaa

Dirisha tunalozungumzia ni lile lililochomoza nje ya ukuta, lenye uso wa mbele na mabawa mawili ya pembeni. Mafundi huliita "bei windo", na wenye nyumba wengi wamegundua kwamba neno la kwanza ndilo la kweli. Lina bei.

Shida huanzia kwenye futi. Mafundi wengi wa madirisha ya chuma hukupa bei kwa futi mraba. Tuseme uso wa mbele ni futi 6 kwa 5. Hizo ni futi mraba 30. Tuseme fundi anatoza Sh600 kwa kila futi mraba, fremu na grili pamoja. Unapiga hesabu haraka: Sh18,000. Unarudi nyumbani ukiwa na furaha.

Lakini mabawa je? Kila bawa ni futi 2 kwa 5, yaani futi mraba 10. Mawili ni 20. Dirisha lako si futi 30, ni 50. Fremu peke yake ni Sh30,000. Tayari umekosea kwa Sh12,000, na bado hujanunua kioo hata kimoja.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa fundi lisiwe "ni pesa ngapi?" Liwe: "Umepima mabawa?" La pili: "Chuma ni geji gani?" Geji 16 ni nene kuliko geji 18, ingawa nambari yake ni ndogo. Mtu akikupa bei ya chini sana, uliza hapo kwanza. La tatu: "Grili, bawaba, rangi ya kuzuia kutu na kuja kuliweka, viko ndani ya hiyo bei ama kando?"

Hesabu yote, si ya fremu tu

Bei hubadilika kutoka fundi hadi fundi, na vifaa vikitoka Mwingi kuna gari la kulipa. Hizi hapa ni nambari za mfano. Weka zako ukishauliza angalau mafundi wawili:

- Fremu na grili, futi mraba 50: Sh30,000
- Vioo na pati: Sh7,500
- Kubomoa, saruji, mchanga na plasta: Sh6,000
- Paa dogo la juu, mbao na bati: Sh4,500
- Gari la kuleta vifaa: Sh3,000
- Rangi: Sh2,500

Jumla ni Sh53,500. Ongeza asilimia 10 ya mambo usiyoyaona, kwa sababu ukuta wa zamani ukiguswa hutoa siri zake. Pengine mbao za paa dogo zimeliwa na mchwa, pengine linta ina ufa. Hiyo ni Sh5,350. Sasa uko Sh58,850. Tuite Sh59,000.

Unaona umbali kutoka zile Sh18,000 za kwanza? Mwenye nyumba aliyeanza kazi na elfu kumi na nane mkononi hajatapeliwa na mtu. Amebomoa ukuta wa elfu hamsini na tisa kwa pesa ya elfu kumi na nane.

Na pazia usisahau. Fimbo ya pazia ya dirisha la namna hii lazima ikunjwe kufuata pembe, au zinunuliwe fupi tatu. Ile ya zamani ikiwa nzima, itunze vizuri wakati wa kubomoa.

Pesa ya Nuu huja kwa msimu

Ushauri mwingi wa bajeti umeandikiwa mtu wa mshahara: toa kiasi fulani kila mwisho wa mwezi. Ni ushauri mzuri, kama mwisho wa mwezi unakuletea kitu. Kwa familia nyingi za Nuu mambo si hivyo. Pesa huja na ndengu, na mbuzi, na mtoto aliye Nairobi anapotuma.

Mvua ya kutegemewa zaidi kwetu Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Disemba. Ndengu zilizopandwa na mvua hiyo huvunwa Januari na Februari. Lakini Januari hiyohiyo shule zinafunguliwa. Karo, sare na nauli hufika mlangoni kabla gunia halijafungwa. Na kila mtu akiuza siku moja, bei ya ndengu hushuka. Kwa hivyo dirisha likingojea "pesa ya ndengu itakayobaki", litangojea sana. Pesa haibaki yenyewe. Hubaki ikipewa jina.

Ndiyo maana tunapendekeza uipe jina kabla haijaingia. Kabla ya kuuza, kaeni chini nyumbani, mzee na mama, na watoto wakubwa wakiwepo, mseme: magunia haya ni ya karo, hili ni la chakula, hili ni la dirisha. Gunia la dirisha likiuzwa, pesa isikae kwenye akaunti ya kawaida ya simu pamoja na pesa ya sukari na ya bodaboda. Huko italiwa mia mbili mia mbili mpaka ushangae. Iweke kwenye akiba iliyofungwa hadi tarehe unayoitaka, na kama huduma unayotumia inakuruhusu kuipa jina, iite "dirisha".

Tuseme msimu umekupa Sh25,000 za kuanzia. Zimebaki Sh34,000. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Septemba kuna miezi 7. Ukigawa, ni chini kidogo ya Sh4,900 kwa mwezi. Kama hiyo ni nzito, igawe kwa watu: mtoto aliye mjini achangie kiasi fulani, chama kikikupa zamu yako iende huko, na mbuzi mmoja auzwe angali mnene. Mbuzi ni benki, lakini ni benki ambayo kiangazi hupunguza akiba yake. Anayeuza wakati majani yapo hupata bei tofauti na anayeuza wakati kila mtu anauza.

Ikifika Septemba na hujafikisha, sogeza kazi hadi mwaka ujao. Dirisha kuukuu lililo ukutani ni bora kuliko dirisha jipya lililo kwa fundi.

Mkopo wa simu unagharimu futi ngapi?

Wengine watasema: mbona nihangaike miezi 7, na simu inaweza kunipa pesa saa hii? Twende kwa hesabu.

Tuseme umekopa Sh30,000 za fremu mwezi wa Oktoba, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada ni Sh2,250. Si mbaya, ukilipa ndani ya siku 30. Lakini unangojea ndengu za Februari. Mkopo ukiendelea miezi minne na ada ileile ikitozwa kila mwezi, umelipa Sh9,000 juu ya deni lenyewe. Kwa Sh600 kwa futi, hizo ni futi mraba 15 za dirisha ambazo umelipia na hutaziona kamwe. Bawa moja na nusu limeenda.

Hapo tumedhani ndengu zimekuja. Je, zisipokuja? Hatuhitaji kukumbusha mtu wa Kitui. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilifeli katika maeneo makavu ya Kenya. Aliyekopa kwa ahadi ya mvua wakati huo alidaiwa na mvua isiyokuja.

Kuna jambo lingine ambalo wateja hulisahau. Ukiwa na deni la ovadrafti kwenye simu, kwa kawaida pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza. Mtoto akituma elfu mbili za chakula, huenda ukaona mia chache tu. Dirisha limeanza kula kwenye sufuria.

Kulipa fundi: vifaa kando, kazi kando

Mafundi wengi ni watu wa heshima, na fundi wa kuchomelea hana ghala la vyuma la kukukopesha. Akisema "nitumie pesa ya vyuma nianze kazi", hakosei. Kosa ni kumtumia pesa yote, ya vyuma na ya jasho lake, siku moja. Zikifika pamoja, huenda zikamaliza kazi ya mteja aliyekutangulia, na wewe ungojee mteja atakayekufuata.

Sisi tungefanya hivi:

- Vifaa: mlipe mwenye hadiwea moja kwa moja kwa nambari ya till ya duka lake. Fundi aandike orodha, wewe ulipe, vyuma viende kwake. Kwa kawaida mnunuzi hatozwi ada kwa malipo ya aina hiyo, na hubebi maelfu ya noti kwenye matatu ya kutoka Mwingi.
- Kazi ya fundi: igawe mara tatu. Sehemu ya kwanza akishakata vyuma, ya pili fremu ikiwa tayari na umeipima kwa futi yako mwenyewe, ya mwisho dirisha likiwa ukutani na kila bawa likifunguka na kufunga.
- Jina: kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalojitokeza. Fundi akikwambia tuma kwa namba nyingine "ya mke wangu" au "ya kijana wangu", mpigie kwanza umsikie sauti, na mwandike kwenye karatasi kwamba namba hiyo ni yake kwa kazi hii.
- Ujumbe: usifute ujumbe wa malipo. Nambari ya muamala iliyo ndani yake ndiyo risiti yako. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe na kilicholipiwa, mkigombana mwe na pa kuanzia.

Na juu ya hayo yote, kuna sheria moja ambayo ingeokoa sebule nyingi: usibomoe ukuta kabla vioo havijalipiwa. Fremu iliyokamilika inaweza kukaa stoo hata miezi miwili bila kulalamika, mradi imepakwa rangi ya kuzuia kutu. Ukuta wenye shimo hauwezi kungoja hata usiku mmoja, kwa sababu ya mvua, nyoka na mwizi.

Na kama pesa haitoshi kabisa?

Kabla ya kusema "libadilishwe", likague. Kwenye madirisha ya chuma, kutu mara nyingi huanzia chini, pale maji hutuama baada ya pati kupasuka. Kama ni upande wa chini tu, fundi anaweza kukata kipande kilichooza na kuchomelea kipya, kisha apake rangi na kuweka pati upya. Hilo ni deni la msimu mmoja, si la mwaka.

Wengine hufikiria kuliondoa na kuweka dirisha bapa la kawaida. Sawa, lakini uliza kwanza: kama ukuta wa chini nao umechomoza, itabidi ubomolewe na kujengwa upya, na huenda usiokoe kitu.

Hakuna aibu katika kutengeneza badala ya kubadilisha. Jirani huona dirisha, haoni deni. Wewe ndiye unayelala nalo.

Basi leo jioni, kabla ya kumpigia fundi, chukua futi. Pima uso wa mbele, pima mabawa yote mawili, andika kwenye daftari. Kazi hiyo haina ada yoyote, na ndiyo itakayokuambia kama dirisha lako ni la mwaka huu au la mwaka ujao.